Al-Biruni: mwanachuoni aliyekataa kusema asilolihakiki



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu, somo la leo ni refu kidogo, basi tafuteni nafasi mlisome taratibu. Tutamzungumzia Abu Rayhan al-Biruni, Allah amrehemu. Jina lake mmelisikia. Kwenye magrupu ya WhatsApp unazunguka ujumbe wa kumsifu: kwamba yeye ndiye wa kwanza kusema dunia inalizunguka jua, kwamba aliupima ukubwa wa dunia akakosea kwa kilomita chache tu, na kwamba Wazungu walichukua kila kitu kwake. Mtu akiusoma anafurahi, anasema "Maashallah", anawatumia wenzake kumi.

Nami nafurahi akikumbukwa. Lakini ujumbe ule una kasoro moja kubwa: al-Biruni mwenyewe asingekubali kuusambaza. Tumjue kwanza alikuwa nani, kisha mtaona kwa nini nasema hivi.

ALIZALIWA WAPI, AKASOMA KWA NANI

Jina lake ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad. Alizaliwa mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973 Miladia, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm. Leo sehemu hiyo iko Uzbekistan, na mji uliopo hapo umepewa jina lake. Mwalimu wake mkubwa wa hesabu alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo wa watawala wa nchi hiyo.

Maisha yake hayakuwa ya raha. Mwaka 995, akiwa kijana wa miaka 22 hivi, vita vya kugombea utawala viliingia Khwarazm, watawala waliokuwa wakimlinda wakapinduliwa, naye akalazimika kuukimbia mji wake. Akahamahama kutoka kwa mtawala huyu hadi kwa yule. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna akaiteka Khwarazm, na al-Biruni akawa miongoni mwa wanachuoni waliochukuliwa kupelekwa Ghazna, mji ulioko Afghanistan ya leo. Huko ndiko alikoishi mpaka mwisho wa umri wake.

Katika hali hiyo ya kuhamishwa na kutawaliwa aliandika vitabu na risala zaidi ya 100: vya falaki, hesabu, kalenda za mataifa, madini, dawa, jiografia na dini za watu. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba mwaka 409 Hijria alikuwa karibu na Kabul, katika hali ngumu, hana chombo hata kimoja cha kupimia nyota. Je, alikaa chini akalalamika? Alichukua ubao wa kufanyia hesabu, akaugeuza, akachora nyuma yake tao lenye digrii, akaning'iniza timazi kama ya fundi mwashi, akapima urefu wa jua. Hakusubiri mpaka mambo yamnyookee.

QIBLA NDIYO ILIYOMFIKISHA HUKO

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba dini iko upande huu na sayansi iko upande ule. Mtazame al-Biruni. Kitabu chake kimoja kikubwa, alichokimaliza mwaka 416 Hijria (1025), kinaitwa Tahdid Nihayat al-Amakin. Kinahusu namna ya kujua mahali ulipo mji juu ya uso wa dunia, na mfano anaoufanyia kazi kitabu kizima ni Ghazna: uko wapi hasa, na anayeswali hapo aelekee wapi ili aikabili Al-Kaaba?

Leo tunafungua simu, mshale unatuonyesha qibla. Wakati ule ilikuwa lazima ujue mambo manne: latitudo ya Makka, latitudo ya mji wako, longitudo ya Makka na longitudo ya mji wako. Latitudo haina taabu sana, maana unaweza kuipata kwa urefu wa jua la adhuhuri. Tabu iko kwenye longitudo. Miji miwili iliyo mashariki na magharibi hutofautiana kwa wakati. Jua huchomoza huku kabla ya kule. Kila saa moja ya tofauti ni digrii 15. Lakini utajuaje saa ya mji wa mbali, na hakuna simu wala redio?

Hapa akatumia alama moja ambayo watu wa miji yote miwili huiona kwa wakati mmoja, nayo ni kupatwa kwa mwezi. Alipatana na mwanahesabu mkubwa wa Baghdad, Abu al-Wafa al-Buzjani, kwamba mwezi utakapopatwa kila mmoja aangalie na aandike saa ya kwake. Usiku wa tarehe 24 Mei 997 Abu al-Wafa alikuwa Baghdad, na al-Biruni alikuwa Kath, kijana ambaye hajatimiza miaka 24. Walipolinganisha, tofauti ikaonekana ni karibu saa moja. Kwa njia hiyo wakajua umbali wa longitudo baina ya miji yao.

Ama kwa Ghazna, aliunganisha masafa ya njia za misafara kutoka mji hadi mji, akayasahihisha kwa hesabu mpaka akaufikia. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya mtu anayesema "Allahu Akbar" ajue ameelekea wapi.

MLIMA WA NANDANA

Sasa tuje kwenye kile kipimo cha dunia kinachosifiwa mitandaoni, maana hapa ndipo penye somo lenyewe.

Kabla yake, Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad alituma wataalamu kwenye uwanda wa Sinjar. Walitembea kuelekea kaskazini wakipima njia, mpaka urefu wa nyota ya ncha ukaongezeka kwa digrii moja. Jawabu lao mashuhuri likawa maili 56 na theluthi mbili kwa kila digrii. Kazi ile ilihitaji watu wengi, mali ya dola na uwanja mpana.

Al-Biruni hakuwa na hayo yote. Alipofika ngome ya Nandana, ambayo leo iko Punjab ya Pakistan, aliona mlima uliosimama juu ya uwanda ulio tambarare. Kwanza akaupima urefu wa mlima kwa kutazama kilele chake kutoka sehemu mbili chini, akapata kama dhiraa 652. Kisha akapanda juu, akatazama mahali mbingu inapoonekana kukutana na ardhi. Mtu aliye juu ya mlima huuona upeo ule umeshuka kidogo chini ya usawa wa jicho lake, kwa sababu dunia ni mviringo. Akapima kushuka huko, akakuta ni dakika 34 za digrii, yaani zaidi kidogo ya nusu ya digrii moja. Kwa urefu wa mlima na pembe ile ndogo, pamoja na hesabu za pembetatu, akautoa umbali wa kutoka katikati ya dunia hadi usoni mwake. Mtu mmoja, mlima mmoja, chombo kimoja. Subhanallah!

Je, alikosea kwa kilomita ngapi? Jawabu linategemea dhiraa yake unaihesabu kuwa na sentimita ngapi, na wataalamu hawakukubaliana juu ya hilo. Isitoshe, mwanga hupinda unapopita hewani, na kupinda huko huathiri pembe ndogo kama ile. Kwa hiyo anayekuambia "alikosea kilomita kadhaa tu" ameongeza uhakika ambao haupo.

Lakini sikilizeni alichofanya al-Biruni baada ya kipimo chake. Alikilinganisha na kile cha watu wa al-Ma'mun, akaona vinakaribiana sana, moyo wake ukatulia. Kisha katika kitabu chake kikubwa cha falaki, al-Qanun al-Mas'udi, akasema kwamba atatumia kipimo chao wao, si chake, kwa sababu vyombo vyao vilikuwa na usahihi zaidi na jitihada yao ilikuwa kubwa zaidi.

Rudia hapo, ndugu yangu. Mtu amebuni njia, amepanda mlima, amepata jawabu. Halafu anasema: tumieni la wenzangu, lao linategemeka zaidi. Sisi leo tunamsifu kwa kipimo ambacho yeye mwenyewe alikiweka pembeni kwa uadilifu. Uadilifu wenyewe, ambao ndio sifa yake kubwa, hatuutaji.

Na hilo la dunia kulizunguka jua? Vitabu vyake vipo. Alimtaja al-Sijzi, aliyetengeneza asturlabu kwa dhana kwamba dunia ndiyo inayojizungusha, akakisifu chombo chake. Alituandikia pia kwamba wafuasi wa Aryabhata huko India walishasema dunia inazunguka, karne nyingi kabla yake. Akasema hesabu za falaki haziharibiki kwa kauli hii wala ile, na kwamba suala lenyewe ni gumu. Katika al-Qanun akashika kauli ya kwamba dunia imetulia. Hakudai kuwa wa kwanza, na aliyemtangulia alimtaja kwa jina.

NYOKA NA ZUMARIDI

Katika kitabu chake cha vito na madini, anasimulia habari iliyokuwa mashuhuri kwa watu: kwamba nyoka akiitazama zumaridi, macho yake hutoka. Waandishi waliinakili mmoja baada ya mwingine. Al-Biruni akaijaribu. Kwa muda wa miezi tisa, wakati wa joto na wakati wa baridi, alimwekea nyoka zumaridi kwa kila namna, hata akamvisha mkufu wake shingoni. Nyoka hakupatwa na lolote. Akamalizia kwa mzaha kwamba labda iliyaongezea macho yake makali!

Miezi tisa kwa ajili ya uvumi mmoja. Sisi tunashindwa kungoja dakika tisa kabla ya kubonyeza "tuma".

Mtu huyo huyo alitengeneza chombo cha kupimia uzito wa madini kwa kulinganisha na maji yanayomwagika jiwe au chuma kinapotumbukizwa. Kila madini yana uzito wake kwa kipimo kilekile, basi dhahabu iliyochanganywa hujitaja yenyewe.

MASWALI KWA IBN SINA

Katika falsafa pia hakuwa mtu wa kumeza tu. Alimwandikia Ibn Sina, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka kama saba, maswali 18 juu ya mafundisho ya Aristotle. Kwa mfano, wanafalsafa walisema haiwezekani kuwepo mahali patupu kabisa. Akauliza: basi kwa nini mtu akivuta kwa mdomo hewa ya ndani ya chupa, kisha akaiinamisha majini, maji hupanda ndani? Na kwa nini barafu huelea juu ya maji? Na chombo chenye maji kwa nini hupasuka maji yake yakiganda?

Ibn Sina akajibu, al-Biruni hakuridhika, akarudisha hoja kwa maneno makali kidogo, na awamu iliyofuata akaijibu mwanafunzi wa Ibn Sina aitwaye al-Ma'sumi. Wakubwa wale walitofautiana, lakini walitofautiana kwa hoja, na maandishi ya pande zote mbili yakahifadhiwa. Haikusemwa kwamba aliyemhoji Aristotle hana akili, wala kwamba aliyemtetea hana dini.

UADILIFU KWA WASIO WAISLAMU

Alipokuwa Ghazna, Sultani Mahmud alikuwa akipigana vita vingi India. Al-Biruni akaifuata India kwa njia nyingine. Akiwa ameshapita miaka 40 alianza kujifunza Kisanskriti, lugha ngumu ya vitabu vya Wahindu, akakaa na wanachuoni wao, akatafsiri baadhi ya vitabu vyao kwa Kiarabu. Mwaka 1030 akakamilisha kitabu chake juu ya India. Neno la kwanza la jina la kitabu hicho ni Tahqiq, nalo ndilo asili ya neno letu "kuhakiki".

Katika dibaji anaeleza kwamba sababu ya kukiandika ilikuwa mazungumzo juu ya waandishi wanaowasingizia wapinzani wao. Waislamu wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakisimuliana vibaya madhehebu yao, sembuse dini za wengine. Akaahidi kwamba hatawazulia Wahindu wasiyoyasema. Atayaleta maneno yao kama walivyo nayo, hata kama hakubaliani nayo. Na hakukubaliana nayo, yeye ni Muislamu. Aliandika pia aibu zao alizoziona, kama vile kuwadharau wageni. Na aliandika kwamba vita vya Mahmud viliiharibu neema ya nchi ile, vikawatawanya watu wake kama vumbi, na elimu zao zikakimbilia mbali. Aliyaandika hayo akiwa anaishi katika mji wa Mahmud na wanawe.

Kitabuni humo limo pia jambo dogo linalotuhusu sisi watu wa pwani hii. Akieleza kwa nini Somnath, katika ufuko wa Gujarat, ulikuwa mashuhuri, anasema ulikuwa kituo cha mabaharia waliokwenda na kurudi baina ya Sufala ya nchi ya Zanj na China. Sufala ni Sofala ya Msumbiji ya leo. Alikuwa mbali na bahari yetu, lakini habari zake aliziweka mahali pake.

Ndugu zangu, Suratul Maida aya ya 8 inatukataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Al-Biruni aliifanyia kazi aya hiyo katika maelfu ya mistari.

MUADHINI NA CHOMBO CHA SAA

Katika kitabu chake cha vivuli, ambacho kina habari nyingi za nyakati za swala, anasimulia kisa cha mtu wa msikitini aliyeonyeshwa chombo cha kujulia nyakati. Mtu yule akakikataa kwa sababu kilikuwa na majina ya miezi ya Warumi. Alihofia kuwaiga makafiri. Al-Biruni akamjibu kwamba Warumi pia wanakula chakula na wanatembea sokoni, basi na hayo asiwaige!

Alikuwa akimfundisha kupambanua. Ibada ina mipaka yake, nayo tunaichukua kwa Mtume (S.A.W.). Ama chombo cha kupima kivuli, ni chombo tu. Kikikusaidia kuswali kwa wakati, kishike.

SAA YAKE YA MWISHO

Inasimuliwa kwamba Sultani Mas'ud, mtoto wa Mahmud, alimletea mzigo wa tembo wa fedha kwa ajili ya al-Qanun al-Mas'udi, naye akaurudisha, akasema hauhitaji. Uzeeni, akiwa amepita miaka 80 ya Hijria, macho na masikio yamepungua nguvu, alikuwa bado anaandika kitabu cha dawa, akisaidiwa na tabibu mmoja, na kila dawa akiitafutia majina yake katika lugha mbalimbali.

Yaqut al-Hamawi ametuhifadhia habari ya faqihi aitwaye Ali bin Isa, aliyemzuru akiwa katika hali ya kufa. Pumzi inakwenda kwa taabu, al-Biruni akamuuliza swali la mirathi ya mabibi wa upande wa mama. Faqihi akamwonea huruma: hata katika hali hii? Akajibu kwamba kuiaga dunia akiwa ameijua mas'ala hiyo ni bora kuliko kuiaga akiwa hajui. Faqihi akaieleza, al-Biruni akairudia mpaka akaihifadhi. Mgeni akatoka, na alipokuwa njiani akasikia kilio kutoka nyumbani.

Mtu aliyepima dunia, akiba yake ya mwisho ilikuwa mas'ala ya fiqhi. Nani atasema elimu hizi mbili ni maadui?

TUNAONDOKA NA NINI

Ndugu zangu, Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuzihakiki habari zinapotujia. Wanachuoni wetu wa Hadithi waliijenga elimu nzima juu ya amri hiyo: nani amesema, amesikia kwa nani, ni mkweli au si mkweli. Al-Biruni aliichukua tabia hiyohiyo akaipeleka kwenye nyota, milima, vito na dini za watu.

Jambo hili lina uzito kuliko tunavyodhani. Kijana wetu wa sekondari anapokea kutoka kwetu ujumbe uliotiwa chumvi. Anakwenda kutafuta, anakuta si kweli. Mnadhani shaka yake itaishia kwa al-Biruni? Atajiuliza: hawa wazee wangu wameniambia hili si kweli, je, na yale ya darsani? Tunataka kuupa Uislamu heshima kwa kutia chumvi, na kumbe tunaubomoa uaminifu wetu mbele ya watoto wetu. Dini ya haki haihitaji chumvi yetu.

Basi mwenye mtoto anayependa hesabu, asimkatishe tamaa kwa kudhani hesabu itamtoa msikitini. Mwambie habari ya qibla ya Ghazna. Na mwenye kupokea habari ya kumfurahisha juu ya Waislamu, aihakiki kama anavyohakiki habari ya kumchukiza. Na mwenye kutaka kumjibu mtu wa dini nyingine, amsikilize kwanza kutoka kinywani mwake.

Ukiupenda ujumbe huu, usambaze. Lakini usambaze wote, usikate kipande cha mlima ukaacha kile cha uadilifu.

Allah amrehemu Abu Rayhan, atunufaishe kwa elimu ya waja wema waliotutangulia, na atujaalie tuwe wakweli wa ndimi na wa vidole vyetu. Amin.

Wallahu a'lam.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.